Ben Hogan na Kipira Kidogo

Ben Hogan alizaliwa tarehe 13 Agosti 1912 katika Texas, jimbo kubwa la kusini mwa Marekani. Baba yake, Chester, alikuwa mhunzi katika mji mdogo wa Dublin. Alifua viatu vya farasi na kutengeneza vyombo vya chuma. Lakini otomobili zilianza kuenea, farasi wakapungua, na kazi ya mhunzi ikapungua pamoja nao. Jamaa ikahamia mji mkubwa wa Fort Worth. Chester alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa huzuni, ule unaomfanya mtu aone njia zote zimefungwa. Mwezi wa Februari 1922 alijiua. Ben alikuwa na miaka 9. Maisha yake yote hakupenda kuitaja siku ile mbele ya watu.

Mama, Clara, alibaki na watoto watatu. Akashona nguo za watu ili wapate kula. Kaka mkubwa, Royal, akaacha shule akatafuta kazi. Ben, mtoto wa mwisho, akauza magazeti katika stesheni ya gari la moshi. Magazeti yasipokwisha alingoja gari la usiku, na mara nyingine usingizi ulimkuta pale pale juu ya benchi.

Alipokuwa na miaka 11 alisikia kwamba kuna mahali panapoitwa Glen Garden, ambapo watoto wanapata senti 65 kwa kuchukua mfuko wa mtu anayecheza gofu. Kwa mtoto wa magazeti hizo zilikuwa feza nyingi. Akaenda kwa miguu, mwendo mrefu, akarudi kwa miguu. Wachukuzi wakubwa hawakumtaka. Ilimpasa kupigana ngumi na mmoja wao mbele ya wote, ndipo wakamkubali. Desturi ile haikuwa nzuri, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mchezo wa gofu ni huu. Mchezaji ana kipira kigumu, chenye uzito wa gramu 46 hivi, kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Ana fimbo ndefu zenye kichwa. Siku zile nyingine zilikuwa na kichwa cha chuma na nyingine cha mti. Kipira kiko chini, kimetulia. Anakipiga, anakifuata, anakipiga tena, mpaka kiingie katika kishimo kilicho mbali, pengine mita 400. Upana wa kishimo ni sentimeta 10 na kidogo. Kuna vishimo 18, na mwenye kuvimaliza vyote kwa mapigo machache ndiye mshindi. Hakuna mtu anayemkimbiza mchezaji wala kumsukuma. Kwa hiyo wasioujua mchezo hudhani kwamba ni rahisi. Lakini uso wa fimbo ukigeuka kidogo tu, upana wa ukucha, wakati wa kugusa kipira, kipira kitaanguka mita 20 ao 30 mbali na mahali palipotakiwa, pengine ndani ya maji ao katikati ya miti.

Pale Glen Garden, wageni wasipokuwapo, wachukuzi walishindana wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja alipiga kipira kimoja. Yule ambaye kipira chake kilianguka karibu kuliko vyote alipaswa kuviokota vya wote. Ben alikuwa mdogo wa mwili, basi mara nyingi mwokotaji alikuwa yeye. Akachoka. Akatafuta akili. Akaugeuza mkono wake wa kushoto juu ya mpini wa fimbo, hata vifundo vya vidole vikaonekana kutoka juu. Akaona kipira kinaruka chini chini, kinapinda kushoto, na kikianguka kinabingirika mbali sana. Tangu hapo wengine wakaokota. Lakini akili hii iliyomsaidia utotoni ndiyo iliyomtesa nyuma yake kwa miaka mingi.

Kati ya wachukuzi wale alikuwako mmoja wa umri wake, Byron Nelson. Karibu na Noeli ya mwaka 1927 wachukuzi walifanya mashindano, na Byron akamshinda Ben kwa pigo moja tu. Wakubwa wa Glen Garden wakampa Byron ruhusa ya kucheza uwanjani kama mmoja wao. Ben hawakumpa. Hakuna ubaya kusema kweli: Byron alikuwa na kipaji kuliko Ben. Byron alipopiga, mwili wake wote ulikwenda kama maji ya mto. Ben alikuwa na macho ya kutazama na moyo wa kurudia. Aliwaangalia wachezaji wazuri aliowachukulia mifuko, miguu yao, magoti yao, mikono yao, kiisha akajaribu peke yake.

Aliacha shule bila kumaliza. Mwaka wa 1930, kabla hajatimiza miaka 18, akaanza kusafiri kwenye mashindano ili mchezo uwe kazi yake. Akashindwa. Feza zikaisha, akarudi Fort Worth, akafanya kazi hii na ile, akaweka akiba, akajaribu tena, akashindwa tena. Sababu ilikuwa ile ile ya utoto. Siku ya utulivu kipira chake kilipinda kidogo na kurudi mahali pake. Siku ya mashindano, moyo ulipodunda, mikono ilikaza, fimbo ikageuka upesi, na kipira kikapinda kushoto kama mundu hata porini.

Mwaka wa 1935 alimwoa Valerie Fox, naye Valerie akakubali kuishi maisha yale ya barabarani. Mwezi wa Januari 1938 walifika Oakland, upande wa magharibi wa Marekani, wakiwa na dola chache tu za mwisho. Asubuhi moja Ben alitoka kwenda uwanjani akakuta otomobili yao imesimama bila magurudumu. Wezi walikuwa wameyachukua usiku. Ikampasa kuomba mtu amchukue. Hata hivyo siku ile alicheza vizuri, akapata tuzo iliyotosha kuwapeleka mbele. Kama angekosa tuzo ile, pengine asingejulikana na mtu hata leo.

Siku zile wachezaji wengi walidhani kwamba mazoezi yanachosha mikono bure. Walipomaliza kucheza walikwenda kupumzika. Ben alichukua mfuko wa vipira akaenda pembeni ya uwanja. Mchukuzi wake alisimama mbali, na mchukuzi mwenyewe ndiye alikuwa alama ya kulenga. Ben alianza na fimbo fupi na mapigo madogo. Vipira vilipoanguka karibu na mchukuzi kimoja nyuma ya kingine, mchukuzi alirudi nyuma, na Ben akashika fimbo ndefu zaidi. Hivyo aliendelea mpaka fimbo ndefu kuliko zote. Mara nyingi giza lilimkuta pale. Viganja vyake vilichubuka na kutoka damu, kiisha vikawa vigumu kama vya mtu wa jembe.

Lakini wengine wangeweza kupiga vipira vingi kama yeye wasipate faida yoyote. Mtoto anayefyeka nyasi za shule anapiga panga mara elfu, akili yake ikiwa kwenye kengele ya kurudi nyumbani. Mikono yake inachoka, lakini panga lake halijifunzi neno. Ben hakupiga hivyo. Kabla ya kila kipira alisimama nyuma yake akachagua mahali pa kukiangusha. Alikata shauri kipite juu ao chini, kipinde kulia ao kushoto, na kwa kiasi gani. Alipiga. Kiisha alikitazama kipira mpaka kilipotulia, akafikiri kwa nini kimekwenda vile. Alibadili jambo moja tu kwa mara moja: kidole gumba, ao mguu, ao mwendo wa kiuno. Mwenye kubadili mambo mawili pamoja hajui lipi limemponya na lipi limemdhuru, kama mgonjwa aliyemeza dawa mbili mpya siku moja.

Tena hakungoja uwanja. Usiku, katika chumba cha hoteli, alichezesha fimbo mbele ya kioo bila kipira, akijitazama. Alisukuma vipira taratibu juu ya zulia. Wachezaji wenzake walimcheka, kiisha walimshangaa, na mwishoni wengi wakaanza kufanya kama yeye.

Mwezi wa Machi 1940, katika Pinehurst, alishinda kwa mara ya kwanza mashindano makubwa akiwa peke yake, bila mwenzi wa kucheza naye upande mmoja. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu aanze kazi. Nyuma ya ushindi ule alishinda mawili mengine katika majuma mawili. Mlango uliofungwa miaka 10 ulifunguka mara moja. Kiisha vita vikaja, naye akatumika katika jeshi la anga mpaka 1945.

Ugonjwa wa kipira kupinda ulikuwa bado. Mwaka wa 1946 alirudi Fort Worth, akakaa peke yake, akafikiri. Kila mara alipojaribu kukizuia kipira kisipinde, kilipoteza nguvu. Akaona kwamba kosa liko mwanzoni kabisa, katika namna ya kushika. Akaurudisha mkono wa kushoto kwenye mpini, kidogo tu. Tena fimbo ilipofika juu aliukunja kifundo cha mkono wa kushoto kidogo kuelekea nyuma, ili uso wa fimbo ubaki wazi na usiweze kugeuka upesi hata mikono ikikaza. Sasa aliweza kupiga kwa nguvu zake zote bila hofu. Kipira kilipanda juu, kikapinda kidogo upande wa kulia, kikaanguka na kutulia. Jambo hili alilificha miaka karibu 9, akalieleza gazetini mwaka wa 1955. Mwaka ule ule wa 1946 alishinda mashindano makuu ya wachezaji wa kazi wa Marekani, na mwaka wa 1948 akashinda hayo tena pamoja na mashindano makuu ya taifa.

Tarehe 2 Februari 1949, Ben na Valerie walikuwa wanarudi nyumbani kwa otomobili. Karibu na Van Horn, katika Texas, ukungu mzito ulikuwa umefunika barabara, naye Ben akaendesha polepole. Mara taa zikatokea mbele yao. Gari kubwa la abiria lilikuwa linajaribu kulipita lori, nalo lilikuja upande wao. Hapakuwa na nafasi ya kukimbilia. Ben akaachilia usukani akajitupa juu ya mke wake ili amkinge kwa mwili wake. Magari yakagongana. Mti wa usukani ukasukumwa nyuma ukapenya kiti cha dereva, mahali pale pale alipokuwa ameketi. Alitaka kumwokoa Valerie, na kwa tendo lile yeye mwenyewe akaokoka. Valerie alipata majeraha madogo. Ben alivunjika mfupa wa nyonga mahali pawili, mtulinga, kifundo cha mguu wa kushoto, na ubavu mmoja ukaumia.

Walimpeleka El Paso, katika hospitali ya Hotel Dieu, iliyoanzishwa na Masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mifupa ilianza kuunga. Lakini mabonge ya damu yalitokea katika mguu, na bonge moja lilipanda mpaka kwenye mapafu. Jingine kama lile lingemwua. Daktari Alton Ochsner aliletwa toka New Orleans kwa ndege ya jeshi. Alimpasua Ben tumbo, akaufunga mshipa mkubwa unaorudisha damu ya miguu kwenye moyo, ili mabonge yasipite. Damu ikatafuta njia nyingine katika mishipa midogo. Ben akapona, lakini tangu siku ile miguu yake ilivimba na kuuma kila alipotembea sana. Watu walidhani kwamba hatacheza tena. Wengine walikuwa na shaka kama atatembea. Barua nyingi zilimfikia toka kwa watu asiowajua, naye ambaye watu walimdhania kuwa na moyo wa jiwe aliguswa sana nazo. Tarehe 1 Aprili alitolewa hospitali.

Nyumbani alianza upya kama mtoto mchanga. Alizunguka chumba, akahesabu mizunguko. Kesho yake akaongeza. Kiisha akazunguka nyumba, kiisha mtaa, na alipochoka sana walikuja kumchukua. Nyuma ya miezi mingi alishika fimbo tena. Mwili alioufundisha miaka 20 haukuwa mwili ule tena, na kila jambo lilitaka kujaribiwa tena, moja moja, kama zamani. Mwezi wa Januari 1950 akatokea uwanjani Los Angeles. Akalingana na Sam Snead, mchezaji hodari wa siku zile, ingawa Snead alimshinda walipocheza tena ili kupata mshindi.

Mwezi wa Juni 1950 mashindano makuu ya taifa yalifanyika Merion, karibu na Philadelphia. Kila asubuhi Ben aliloweka miguu katika maji ya moto, akaifunga bendeji toka juu mpaka chini. Siku mbili za kwanza walicheza vishimo 18 kila siku. Siku ya tatu, Jumamosi, sheria ya siku zile iliwataka wacheze 36 siku moja. Kwa mtu mzima ni kazi. Kwa Ben yalikuwa mateso. Alasiri alitembea kwa kuburuta miguu, na watu walioona walidhani kwamba ataanguka. Alikuwa mbele ya wote, lakini ushindi wake ukaanza kupungua. Alipofika kishimo cha mwisho, cha 18, ilimpasa kukimaliza kwa mapigo manne ili walau alingane na wenzake wawili, Lloyd Mangrum na George Fazio. Pigo la kwanza lilikwenda vizuri. La pili lilibaki na karibu mita 200. Akatwaa fimbo ya chuma namba 1, iliyo ngumu kuliko zote, maana uso wake umesimama na mahali pake pazuri pa kugusa kipira ni padogo sana. Maelfu ya watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili. Ben akatazama mbele, akatazama kipira, akapiga. Kipira kikafika kwenye majani mafupi ya kishimo, na kwa mapigo mawili zaidi akamaliza. Mpiga picha aliyesimama nyuma yake, Hy Peskin, alipiga picha wakati ule, nayo imejulikana kuliko picha zote za mchezo huu. Jumapili watatu wale walicheza vishimo 18 vingine. Fazio alipata mapigo 75, Mangrum 73, Ben 69. Ilikuwa miezi 16 tangu ile ajali ya ukungu.

Mwaka wa 1953 alikwenda Uskoti, kwenye mashindano makuu ya Uingereza yaliyofanyika Carnoustie. Tayari alikuwa ameshinda mawili makuu ya Marekani mwaka ule. Kule walitumia kipira kidogo kuliko cha Marekani, na ardhi ilikuwa nyingine, ngumu, yenye upepo wa bahari. Basi alifika majuma mawili kabla, akajifunza. Jioni aliutembea uwanja kinyumenyume, toka kishimo cha mwisho mpaka cha kwanza, ili aone kutoka mwisho wa kila njia mahali kipira kinapopaswa kuanguka. Watu wa Uskoti waliokuwa wakimtazama, uso wake umetulia, hacheki wala hakasiriki, walimpa jina la Mtu Mdogo wa Barafu. Siku ya kwanza alipata mapigo 73, kiisha 71, kiisha 70, na mwisho 68. Akashinda kwa mapigo manne. Aliporudi New York, tarehe 21 Julai, watu wa mji walijaa barabarani kumshangilia.

Kiisha akaanzisha kiwanda cha fimbo za gofu Fort Worth. Fimbo za kwanza zilipotengenezwa alizikagua, akaona hazikutengenezwa sawasawa, akakataa kuziuza. Zikaharibiwa, na hasara ilikuwa kubwa. Mwaka wa 1957 akatoa kitabu cha masomo matano, alichoandika pamoja na Herbert Warren Wind. Somo la kwanza halihusu kupiga kipira. Linahusu kushika fimbo tu, na mwanafunzi anaambiwa afanye zoezi hili nusu saa kila siku kwa juma zima kabla ya kwenda mbele. 

Hakupata watoto. Hata alipokuwa mzee alikwenda uwanjani mchana, akapiga vipira peke yake, akivitazama vinapoanguka. Alifariki Fort Worth tarehe 25 Julai 1997, akiwa na miaka 84.

Ile fimbo namba 1 ya Merion iliibwa siku zile zile za mashindano ya 1950. Nyuma ya miaka zaidi ya 30 ilionekana kati ya fimbo kuukuu zilizouzwa, ikarudishwa, nayo ikawekwa katika jumba la makumbusho ya gofu la Marekani. Juu ya uso wake wa chuma ilikuwa na alama moja ndogo iliyolika kwa kupigwa, mahali pale padogo panapofaa kugusa kipira.